Fumbo la Stendi Lenye Majibu Matatu

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na kwa bahati zote zinahusu jambo moja, yaani mafumbo ya kupanga maumbo ndani ya karatasi au ubao uliogawanywa visanduku. Nimezifupisha bila kubadilisha maana. Katika majibu yangu, "safu" ni visanduku vinavyoshuka kutoka juu kwenda chini, na "mstari" ni visanduku vinavyokwenda kutoka kushoto hadi kulia.

SWALI: Nafundisha darasa la sita hapa Pasua, Moshi, na siku za mvua, watoto wanaposhindwa kutoka nje, huwa ninawaandikia chemshabongo ubaoni. Hivi karibuni nilitunga fumbo la kuegesha magari katika stendi ya visanduku sita kwa sita. Safu nimezipa herufi A hadi F kutoka kushoto, na mistari nimeipa namba 1 hadi 6 kutoka juu. Yapo basi moja la visanduku vitatu vilivyonyooka, daladala moja ya visanduku viwili, na bodaboda mbili za kisanduku kimoja kimoja. Basi na daladala vyaweza kulala au kusimama wima, lakini hakuna chombo kinachoruhusiwa kugusa kingine, hata kwa pembe. Idadi ya visanduku vilivyojaa katika mistari, kuanzia juu, ni 1, 0, 3, 0, 1 na 2. Katika safu, kuanzia A, ni 1, 0, 3, 1, 1 na 1. Jibu langu ni basi C3, D3 na E3. Daladala C5 na C6. Bodaboda A1 na F6. Mwalimu mwenzangu ameleta jibu lenye bodaboda F1 na A6, na hesabu zake zinatimia. Je, fumbo langu limeharibika?

JIBU: Limeharibika, Mwalimu, na kasoro ni kubwa kuliko mlivyoiona, kwa kuwa majibu si mawili bali ni matatu. Hata hivyo wazo lako ni zuri na lina asili ya heshima. Ni ndugu wa fumbo la manowari alilolibuni Jaime Poniachik wa Argentina, ambalo lilichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1982 katika jarida la Humor & Juegos. Kuigeuza bahari kuwa stendi ni ubunifu wako, na nadhani watoto wanaopita stendi kila siku hawahitaji kuelezwa kwa nini basi lisiguse bodaboda.

Tulifumbue kana kwamba hatujui jibu. Mistari ya 2 na ya 4 haina kitu, wala safu B haina kitu, kwa hiyo visanduku vyake vyote tunavitia nukta. Basi haliwezi kusimama wima, kwa sababu likisimama litapita katika mistari mitatu inayofuatana, na hapa hakuna mistari mitatu inayofuatana isiyo na sifuri ndani yake. Basi limelala, na mstari pekee unaoweza kubeba visanduku vitatu ni wa 3. Kwa kuwa safu B ni tupu, basi liko C3 hadi E3, au D3 hadi F3. Nadhani hapo ndipo ulipopita haraka, kwa sababu ulikwisha kulijua jibu lako na jicho likaenda moja kwa moja kwenye C3.

Tuchukue kwanza C3 hadi E3. Safu D na E zimekwisha. Safu C inadai visanduku viwili zaidi, na A na F kimoja kimoja. Daladala haiwezi kulala, kwa kuwa safu A, C na F hazipakani. Itasimama, na mistari miwili inayopakana ambayo bado ina nafasi ni ya 5 na ya 6 tu, na safu pekee inayodai visanduku viwili ni C. Daladala imepatikana, C5 na C6. Zinabaki bodaboda mbili, moja katika mstari wa 1 na nyingine katika mstari wa 6, moja katika safu A na nyingine katika safu F, na hakuna namba hata moja inayosema ipi ikae wapi. Jibu lako na la mwenzako yote ni sahihi.

Sasa tulisogeze basi kisanduku kimoja kwenda kulia, likae D3 hadi F3. Safu F imekwisha, na safu C inadai visanduku vyote vitatu. Mistari iliyobaki yenye nafasi ni ya 1, ya 5 na ya 6, kwa hiyo C1, C5 na C6 vinajaa, na kisanduku cha mwisho cha mstari wa 6 kinaangukia safu A, yaani A6. Daladala iko palepale C5 na C6, bodaboda ziko C1 na A6, hakuna zinazogusana, na hesabu zote zinatimia. Hilo ndilo jibu la tatu.

Kasoro ya kwanza mimi huiita kubadilishana pembe. Vyombo viwili vya aina moja vikikaa katika pembe mbili zinazotazamana za mstatili, na pembe nyingine mbili zikiwa tupu na haziguswi na kitu, ukivihamishia kwenye pembe hizo tupu hakuna namba ya safu wala ya mstari itakayobadilika. Kwako mstatili huo ni A1, F1, F6 na A6. Ni mtego wa kawaida mno. Mimi mwenyewe niliwahi kuchapisha katika ukurasa huu fumbo lenye kasoro hiyohiyo, na barua zilizofuata zilinitia adabu. Kila unapomaliza kutunga, tafuta mistatili ya namna hiyo kwanza, kabla ya jambo lingine lolote. Kasoro ya pili ni ya kujificha zaidi, kwa sababu kipande kikubwa kinasogea na vidogo vinalipa deni linalobaki. Hiyo huonekana tu kwa kulifumbua fumbo hatua kwa hatua na kuandika sababu ya kila hatua.

Dawa ni ndogo. Wengi wangefichua gari moja, kwa mfano kusema kwamba A1 ina bodaboda, na kweli majibu yangebaki moja, lakini mfumbuaji amepewa chakula kilichotafunwa. Mimi ningemwambia tu kwamba A6 ni tupu. Basi likikaa D3 hadi F3 lazima A6 ijae, kwa hiyo njia hiyo imefungwa na basi linarudi C3. Kisha kisanduku cha pili cha mstari wa 6 hakiwezi kuwa A, ni F6, na bodaboda ya mwisho inakwenda A1. Kisanduku kimoja kitupu kimeondoa majibu mawili, tena katika hatua mbili tofauti za safari, na mtoto atahisi kwamba amelikamata jibu mwenyewe.

SWALI: Mimi ni fundi seremala, Kijenge, Arusha. Kwa mabaki ya mninga yanayotokana na milango nimechonga maumbo yote yanayopatikana kwa kuunganisha miraba minne ubavu kwa ubavu: mstari, mraba mkubwa, umbo la L, umbo la T, na lile la ngazi linalofanana na S. Ni vipande vitano vyenye jumla ya miraba ishirini, nami nikatengeneza trei ya miraba minne kwa mitano ili viingie. Wateja wawili wamerudisha trei wakisema vipande havikai. Nimejaribu jioni nzima nikashindwa. Je, kuna mpangilio, au wateja wana haki?

JIBU: Wateja wana haki, Fundi, na pole kwa hasara. Hata ukijaribu mwaka mzima havitakaa, na sababu yake unaweza kuiona kwa ubao wa dama.

Ipake trei yako rangi mbili kama ubao wa dama, mraba mmoja mweusi na unaofuata mweupe. Miraba ishirini inagawanyika kumi mieusi na kumi mieupe. Sasa kiweke kipande cha mstari popote: kitafunika mieusi miwili na mieupe miwili. Mraba mkubwa ni hivyohivyo, na L pia, na S pia, utakavyovigeuza au kuvipindua. Lakini T ni mkaidi. Mraba wake wa katikati umepakana na yale matatu mengine yote, kwa hiyo ukiwa mweusi hayo matatu ni meupe, na ukiwa mweupe hayo matatu ni meusi. Daima hufunika matatu ya rangi moja na moja ya rangi nyingine. Jumlisha: vipande vinne vinatoa nane kwa nane, na T inaongeza tatu kwa moja, tunapata kumi na moja kwa tisa. Trei inataka kumi kwa kumi. Hesabu haikubali, na haitakubali hata ukiifanya trei ya miraba miwili kwa kumi, kwa maana nayo ina kumi kwa kumi.

Ndiyo sababu napenda kuwaambia mafundi wapake rangi kwenye karatasi kabla ya kushika msumeno. Hesabu ya eneo peke yake, yaani ishirini kwa ishirini, haitoshi kuahidi kitu.

Biashara yako bado inaweza kupona. Chonga seti mbili, na trei iwe ya miraba minne kwa kumi. T zikiwa mbili, moja inaweza kuzidisha weusi na nyingine weupe, zikasawazishana. Mpangilio upo, nimeuhakikisha kwa mkono: simamisha vipande viwili vya mstari bega kwa bega upande mmoja wa trei, kisha miraba mikubwa miwili mmoja juu ya mwingine, na nafasi inayobaki, ya miraba minne kwa sita, itajazwa na L mbili, T mbili na S mbili. Nafasi hiyo ya mwisho sikufumbulii. Anza na L katika pembe, T ikiwa imelala chini yake.

Ukitaka kitu cha kuuzwa kwa watu wazima, panda hadi miraba mitano. Hapo maumbo ni 12, na yote kwa pamoja yana miraba 60. Mmarekani Solomon Golomb ndiye aliyeyapa maumbo ya namna hii jina la poliomino, katika mhadhara alioutoa Harvard mwaka 1953, na yale ya miraba mitano huitwa pentomino. Lakini fumbo lenyewe ni la zamani zaidi: Mwingereza Henry Dudeney alichapisha mwaka 1907 fumbo la ubao wa miraba 64 uliovunjika vipande 13, ambavyo ni pentomino zote 12 pamoja na mraba mkubwa mmoja wa miraba minne. Kwa kuwa ubao wa dama tayari unao karakana, nadhani hiyo ndiyo bidhaa yako. Ukiubandika mraba mkubwa katikati kabisa ya ubao usisogee, pentomino zinaweza kuuzunguka kwa namna 65 zilizo tofauti, ukiacha zile zinazopatikana kwa kuugeuza ubao tu. Wala majibu 65 si kasoro hapa. Kifumbo cha mbao kinachezwa na familia nzima, na kila anayepata mpangilio wake anafurahi. Ni fumbo la karatasi, lenye namba pembeni na jibu ukurasa wa nyuma, linalopaswa kuwa na jibu moja tu, kwa sababu mfumbuaji ameahidiwa kwamba akili yake itamfikisha palepale alipo mtunzi.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, Sakina. Ninapofumbua mafumbo ya visanduku, hufika mahali nikakwama, nikaweka kipande kwa kubahatisha, kisha nikifika mbele nagundua nimekosea na kufuta karatasi hadi inatoboka. Kaka yangu anasema kubahatisha hakuruhusiwi. Je, ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hakuna askari wa kukukamata, lakini kaka yako anajaribu kukuambia jambo la maana. Tazama fumbo la stendi hapo juu. Tulipofika kwenye basi tulikuwa na nafasi mbili, nasi tukasema: tuchukulie liko D3 hadi F3, tuone litatulazimisha nini. Baada ya kuambiwa kwamba A6 ni tupu, dhana hiyo inagongana na ukweli ndani ya hatua mbili, kwa hiyo tunaitupa na tunajua kwa uhakika kwamba basi liko C3. Huko siko kubahatisha, kwa sababu dhana iliyoanguka imetupa maarifa. Kubahatisha ni kuweka kipande, kuendelea kama kwamba ni kweli, na kusahau ulianzia wapi.

Tofauti kubwa iko kwenye penseli. Dhana iandike kwa alama hafifu, uchague ile inayolazimisha mambo mengi kwa haraka, na usiipe zaidi ya hatua nne au tano. Ikiwa haijagongana na kitu, iache na ujaribu nyingine. Na kabla ya kufikia dhana yoyote, hakikisha umemaliza kutia nukta. Wanaoanza hutafuta mahali pa kuweka vipande, ilhali wazoefu hutafuta mahali ambapo kipande hakiwezi kukaa. Chombo cha kisanduku kimoja kisichoruhusiwa kugusana na kingine huua hadi visanduku vinane vinavyokizunguka, na mara nyingi jibu limejificha katika hivyo vinane. Kuhusu karatasi kutoboka, nunua daftari la hesabu lenye visanduku na uchore upya. Ni nafuu kuliko kufuta.

SWALI: Ninatengeneza programu za kompyuta hapa Njiro. Nimeandika programu inayotunga mafumbo ya kupanga maumbo na kuhakikisha kila moja lina jibu moja. Inatoa mamia kwa usiku mmoja, lakini rafiki zangu wanasema hayana ladha. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosa katika hesabu. Kompyuta zilianza kazi hii mapema: majibu 65 niliyomtajia Fundi yalipatikana kwa kompyuta na mwanahisabati Dana Scott mwaka 1958. Na mwaka 2000 mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alieleza vizuri sana namna ya kuifanya kwa kasi: kila namna ya kuweka kipande huorodheshwa pamoja na visanduku inavyovifunika, kisha programu huchagua kisanduku au kipande chenye njia chache zaidi, hujaribu njia hizo moja baada ya nyingine, na inapokwama hurudisha kila kitu kilivyokuwa na kuendelea. Ikiwa programu yako haianzi na penye njia chache zaidi, irekebishe, nawe utaona tofauti.

Tatizo ni kwamba swali unaloiuliza ni la majibu mangapi yapo, ilhali mfumbuaji anataka kujua ataingilia wapi. Kompyuta haichoki, fumbo linalodai dhana kumi na mbili zinazobebana kwake ni sawa na lile linalofunguka kwa wazo moja. Kampuni ya Nikoli ya Japani, iliyoanza mwaka 1980, inajulikana kwa kuchapisha mafumbo yanayotungwa kwa mkono, na ukilifumbua moja utahisi kwamba kuna mtu amekutangulia njiani na kukuachia alama. Ningekushauri uigeuze kazi: chagua wewe kwanza wazo moja, kwa mfano basi linaloweza kukaa mahali pawili na kisanduku kimoja kitupu kinachokata shauri, ulichore kwa mkono, kisha uiachie programu kazi ya ukaguzi tu. Utapata matatu kwa wiki badala ya mamia kwa usiku. Hayo matatu ndiyo ya kuwapa marafiki zako.

SWALI: Mjukuu wangu aliniletea pentomino za plastiki kutoka Dar es Salaam, nami hapa Machame nimekwisha kuzipanga katika mstatili wa sita kwa kumi mara nne. Sasa nataka mstatili mwingine ulio mgumu. Nianze na upi?

JIBU: Hongera, Bibi, mara nne si haba, ingawa zimebaki nyingi, kwa maana mstatili huo una mipangilio 2,339. Wa tano kwa kumi na mbili una 1,010, na wa nne kwa kumi na tano una 368. Ukitaka kujitesa barabara, nenda kwenye wa tatu kwa ishirini, ambao una mipangilio miwili tu.

Usianze kwa kujaribu vipande hovyo. Chukua kile chenye umbo la msalaba. Upana wa mstatili ukiwa ni miraba mitatu, msalaba unagusa ukingo wa juu na wa chini kwa pamoja, kwa hiyo unaukata mstatili sehemu mbili zisizokutana, na kila sehemu lazima iwe na miraba inayogawanyika kwa tano, kwani vipande vyote vingine ni vya miraba mitanomitano. Katikati ya msalaba ikiwa katika safu ya 4, kwa mfano, upande wa kushoto unabaki na miraba 8, na hilo haliwezekani. Ukizipima safu zote moja baada ya nyingine utaona kwamba katikati ya msalaba yaweza kuwa katika safu ya 3, ya 8, ya 13 au ya 18 tu, na kwa kuwa mstatili unaweza kugeuzwa, za kupima ni mbili, ya 3 na ya 8. Katika safu ya 3 miraba inayobaki kushoto ni mitano kamili, nayo inachukua umbo moja tu, lile la bakuli. Mimi ningeanzia hapo.